Miche Iliyozoea Kunyweshwa

Mwamini alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Ni ule wa kuamka nao, kuswali nao, kuchota maji nao. Pale Minago, kijijini kwao ufukweni mwa ziwa, walimwita mama wa miti, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, maana nani mwenye akili timamu anahangaikia mti asioweza kula matunda yake wala kukamua mawese yake?

Sababu ilikuwa kijito. Alipoolewa na marehemu Uledi, kijito kilishuka mlimani na kupita nyuma ya nyumba yao mwaka mzima. Siku hizi kiangazi kikiingia tu, yanabaki mawe. Msitu wa juu ndio uliokuwa ukikilisha, na msitu wenyewe unaugua: miti mikubwa inakauka kuanzia juu, inapukutisha majani wakati usio wake, na chini yake hakiinuki kichipukizi. Jua limekuwa kali, mvua inachelewa, na ikija inakuja kwa hasira. Ziwa nalo, kama linamkomoa, limepanda hadi kwenye michikichi ya jirani. Huku chini maji yanawafukuza watu, kule juu miti inakufa kwa kiu. Mambo gani haya?

Basi Mwamini akawa anaokota mbegu za miti ya msituni, anaziotesha uani kwake katika sashe, vile vifuko vya plastiki, na mvua zikianza anapandisha miche mlimani, kikapu kichwani. Kila kiangazi ilikufa.

Na alivyoilea! Watu wa ufukweni hawajui kubana maji. Asubuhi na jioni, arozwari, kopo lake la kumwagilia, mkononi, aliimwagia maji ya ziwa mpaka udongo ukatota, na juu akaifunika kwa makuti ya michikichi isiguswe na jua. Miche ilinenepa, majani yaking'aa, wapita njia wakaisifu. Alijivunia kuliko ilivyostahili.

Aliyemfumbua macho ni Revokatus, mlinzi wa pori, mzaliwa wa huko juu. Siku moja alimkuta Mwamini kule mlimani ameinamia miche yake iliyokauka.

"Amahoro, mama Yasmini," alisema. Akang'oa mmoja, akaukung'uta udongo. "Angalia hii mizizi. Mifupi, imejikunja tu vile ilikuwa mu sashe."

"Niliinywesha kila siku, Revo. Hata siku moja sikuisahau."

"Ni hivyo sasa. Kule chini unainywesha asubui na mangaribi. Ikifika huku, nani atailetea maji? Haikufunzwa kutafuta."

Mwamini alijitwika kikapu chake. Aliteremka kwa hasira njia nzima, kwanza hasira na Revokatus, halafu na yeye mwenyewe.

Wiki ile bintiye Yasmini alipiga simu kutoka Bujumbura, kama kawaida yake.

"Mama, kuja Buja. Chumba iko, wajukuu wako. Magoti yako imekwisha kwa hiyo milima."

"Niache nijaribu mara hii tu," Mwamini alisema. "Ikikufa yote nakuja, wallahi, na hutanisikia tena na habari ya miti."

Akaotesha mingine. Safari hii aliondoa makuti mapema na kuinyima maji kidogo kidogo. Majani yalilegea, yakaning'inia, na mkono wake ukawa unaifuata arozwari wenyewe. Mara moja alishindwa, akamwagia, kisha akajilaumu hadi usingizi ukamkimbia. Mingi ilifia palepale uani. Iliyobaki ilikuwa mifupi, migumu, ya kutia aibu, na jirani yake Huda akamuuliza kama ni miche au vijiti vya kuwashia moto.

Mvua zilipoanza aliipanda. Sehemu aliipanda chini kwenye mteremko, pale msitu wa zamani ulipokuwa. Iliyobaki Revokatus alimshawishi aipeleke juu kabisa, kwenye baridi.

Kiangazi kilipokwisha Mwamini alipanda na Revokatus kwenda kuangalia, na tuseme ukweli, njia nzima aliomba aikute imekufa. Aliona haya kuomba hivyo, lakini aliomba. Ile ya chini ilikuwa imekauka yote. Moyo ukawa mwepesi. Akaanza kukiwaza kile chumba cha Bujumbura, na pa kuweka mkeka wake wa kuswalia.

Kule juu aliona majani. Machache, yamejaa vumbi, lakini mabichi. Aliuvuta mche mmoja polepole. Ukakataa kutoka.

Mwamini alikaa chini akalia. Revokatus alidhani ni furaha, akamwacha alie.

"Na hapa pakipata joto kama kule chini," Mwamini alimuuliza baadaye, "tutaipandisha wapi?"

Revokatus alitazama juu. Kulikuwa na nyasi kavu kidogo, halafu anga.

"Hapo juu hakuna tena mulima, mama."

Simu ililia wakiwa bado wamekaa. Alikuwa Yasmini.

"Mama, imekufa?"

"Hapana, mwanangu. Imebaki kidogo." Mwamini alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Basi hicho chumba, walaze watoto."