Kioo Nilichokiosha

Miaka ile kiwanda cha madini kilipokuwa kinakufa na hospitali yetu ya Likasi inakosa hata rangi za kupaka damu ionekane kwenye hadubini, maabarani tulibaki wawili: mimi, mkuu wa pale kwa miaka mingi, na mwanamke kijana aliyetoka kusoma Lubumbashi. Vioo vya hadubini tulivitumia, tukaviosha, tukavitumia tena.

Akaletwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka arobaini hivi, fizi zinavuja damu. Mimi ndiye niliyeipima damu yake kwanza. Niliandika: malaria. Mwenzangu alikichukua kioo kilekile, akakiinamia asubuhi nzima.

"Yaya, malaria iko," aliniambia kwa upole, akiniita kaka mkubwa kama ilivyo desturi kwetu. "Lakini angalia hizi seli nyeupe. Ni changa, zimejaa chembechembe. Minye naona ni kansa ya damu."

Daktari alimsikiliza yeye. Kaka wa mwalimu, aliyeishi Afrika Kusini, akaja kumchukua dada yake akatibiwe kule. Hospitali nzima ilimsifu binti yule. Nilimsifu na mimi, lakini ukurasa nilioandika malaria niliufunga haraka.

Baada ya miezi ikaja barua kutoka hospitali ya kule, juu yake jina la mwenzangu. Niliifungua. Waliandika kwamba katika kansa ya namna ile jeni mbili hukatika na kuungana. Kwa mwalimu, moja ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa ngeni, wameiona mara chache sana. Ndiyo sababu vidonge vinavyowaponya wengine vilishindwa kwake, wakabadilisha dawa. Walimshukuru aliyeona mapema, wakaomba kioo cha kwanza wakilinganishe.

Mwenzangu alikuwa amekihifadhi mezani kwake, ndani ya karatasi. Nilikiosha kwa sabuni, kisha nikampa barua.

"Yaya, kioo iko wapi?"

"Nilikiosha. Tulipungukiwa."

Alitazama vioo safi vilivyojaa kando ya sinki. "Weye ulisoma barua kabla yangu," alisema, akarudi kazini.

Mwaka uliofuata mwalimu alirudi, amekonda, nywele zinaota upya. Alikuja kushukuru, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, alinipa mkono mimi kwanza.

"Asante, baba. Mulinisaidia sana."

Niliupokea. Mwenzangu alikuwa palepale, jicho kwenye hadubini, na hakunisahihisha. Hata kwa kunyamaza kule nilimwonea wivu.