Injini ya Forman

Siku yangu ya kwanza gereji sikuruhusiwa kushika hata spana. Forman, msimamizi wa mafundi, alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye injini iliyokuwa inanguruma na mpini wake niubane sikioni.

"Unasikia nini?"

Nikasema nasikia kelele. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Kelele iko soko ya Kondele. Hii ni injini. Sikiliza tena."

Nilisikiliza mpaka shingo ikakakamaa. Mwishowe nikatambua kwamba ndani ya ule mngurumo kuna kitu kinagonga, ko, ko, ko, na kumbe ni beringi iliyolegea. Nilipomwambia, hakunisifu. Alisema tu, "Basi kesho uje."

Gereji hiyo ilikuwa Kisumu, upande wa viwandani, karibu na reli. Mwenye gereji tulimwita Bwana Mkubwa. Alikaa ofisini, akashuka mara chache kuuliza kama gari la fulani liko tayari. Mkuu wetu wa kweli alikuwa Forman. Aliniita wuod Seme, yaani mwana wa Seme, kwa sababu kwetu ni huko, na mpaka leo, nina wajukuu, hajawahi kuniita jina lingine.

Siku hizo injini ikichoka haikutupwa, ilijengwa upya. Nieleze, maana kuna vijana wanaojiita mafundi na hawajawahi kuona kazi hiyo ikifanywa. Unaifungua yote. Bloku, lile pande zito la chuma lenye matundu ya silinda, unalipeleka kwa fundi wa mashine. Silinda zikiwa zimelika, anazichonga ziwe pana kidogo. Kisha unaweka pistoni za saizi ya juu, ringi mpya na beringi mpya za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukishaifunga, gari linatembezwa polepole kwa wiki kadhaa, linabembelezwa kama ng'ombe aliyezaa jana. Dereva mwenye haraka anaweza kuharibu kazi yako yote kwa safari moja ya kupanda milima ya Kericho. Nimewatukana wengi kwa hilo na sijutii.

Kutoa injini nzima na kuweka nyingine, Forman alisema ni uvivu. "Mtoto wako akiumwa tumbo, unaenda kuchukua mtoto wa jirani?" Sisi tukacheka, lakini tuliamini.

Kutoka hapo nilikwenda karakana ya kiwanda kimoja cha sukari, chini ya Injinia wa Mitambo. Huyu hakuwa na habari na masikio yangu. Trekta ikikaa wiki nzima imefunguliwa, miwa inakauka shambani, na wakulima wanalia. "Fundi," aliniambia, "miwa haingoji ufundi wako. Toa hiyo, weka nyingine." Nilinuna sana. Lakini trekta zilitoka, na nikaanza kuelewa kwamba injini haifanyi kazi peke yake, kuna watu wanaoitegemea.

Mwisho nikafungua gereji yangu mwenyewe Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Wakati huo injini za Japani zilikuwa zimeanza kuja kwenye makontena, zimetumika lakini nzima. Asubuhi unaitoa ya zamani, kesho yake mwenye gari anaondoka. Nilizibeza mwanzoni. Baadaye nilizifunga nyingi, kwa sababu ukweli ni kwamba nyingi zilikuwa nzuri.

Ndipo siku moja gari la Forman likafika likivutwa kwa kamba. Alikuwa amestaafu zamani, anakaa kwao Awasi. Mke wake, Mama Atieno, alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara mbili kila wiki Forman alimleta hospitali mjini asafishwe damu kwa mashine. Jana yake gari lilikuwa limezimika njiani, Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Mama alikaa juani mpaka zamu yake ya mashine ikapita. Nilimwona akishuka, uso umevimba, nikaogopa.

"Ijenge," Forman akaniambia. Injini ile alikuwa ameijenga mwenyewe, akairudia tena na tena kwa miaka. "Hii siwezi kumpa mtu mwingine."

Nilipoifungua, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake ni kwamba maji yanaingia mahali. Nikasafisha bloku, na ufa huo hapo, umetambaa kando ya silinda.

"Mzee, bloku imepasuka."

"Nimeona. Itashonwa."

Kushona ni kutoboa matundu kufuata ufa na kuyajaza pini za chuma. Forman mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Itashonwa," nikasema. "Inaweza kushika mwaka, inaweza kushika mwezi. Hakuna mtu anajua."

"Mimi nimeshona ngapi?"

"Nyingi. Na zingine zilirudi zikivutwa, kama hii."

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu Forman hivyo. Lakini hasira ilikuwa imenipanda. Nikamwambia, "Huyu mama akae tena Ahero juani, mashine imngoje mpaka impite, sababu wewe unapenda chuma? Mzee, mimi siifungi. Tafuta mwingine."

Vijana wangu waliacha kazi wakainamisha vichwa. Mama Atieno, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akaingilia.

"Wuod Seme, usimgombeze. Alinioa akiwa na hiyo injini. Mimi ni mke wa pili."

Tulicheka, Forman hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole juu ya ufa, akarudia. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali yake nzuri.

"Toa," alisema. "Weka ya Japani."

Akatoka nje, akasimama kando ya barabara ametugeuzia mgongo.

Gari lilipowashwa, Mama Atieno alitega sikio. "Hata haisikiki," akasema. "Sasa nitasikia maneno yote ya huyu mzee mpaka Awasi." Kuanzia siku hiyo hakukosa mashine hata mara moja kwa sababu ya gari. Ile ya zamani Forman aliniambia niwauzie watu wa vyuma chakavu. Nikasema sawa, nikaificha nyuma ya gereji chini ya turubai.

Hatimaye Mama Atieno alifariki, tukamzika Awasi. Wiki chache baadaye Forman akaja Otonglo peke yake.

"Ile bloku uliuza?"

"Nani auze?"

"Basi ishone."

"Mzee, itakukwamisha."

"Wuod Seme, sasa nikikwama, nani atachelewa?"

Nikaenda kuitoa ile bloku chini ya turubai. Tuliishona pamoja, yeye akinigombeza kila tundu, tukairudisha injini kwenye gari lake, na ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya kabla ya kuwaachia vijana gereji.

Vijana hao huniuliza hadi leo: kujenga au kubadilisha? Huwaambia wapime silinda, watafute ufa, halafu waulize gari linambeba nani. Wananiona mzee wa maneno mengi.

Forman naye hukwama, bila shaka. Hunipigia simu akiwa njiani, injini imechemka, na hataki nije na kamba. Mimi nimestaafu, muda ninao. Ninabeba dumu la maji na chupa ya chai, ninakwenda. Tunakaa kwenye nyasi tukingoja chuma kipoe, ananisimulia habari za Mama Atieno, na hata kikishapoa hakuna kati yetu anayeinuka haraka.