Sindano Niliyoingoja kwa Kaka Damas

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa msichana wa Kilwa Kisiwani niliyefikishwa ughaibuni na masomo, kwenye mtambo mkubwa wa duara ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi hadi zitoe eksirei kali. Kazi yangu ilikuwa hizo eksirei. Ukimulika kitu, zinakuambia kina chuma au shaba, ila hazikuonyeshi atomi ipi imekaa wapi.

Jengo la pili alikuwako Kaka Damas, mtu wa Mtama. Yeye ndiye aliyenipokea, akanitafutia chumba, akanionyesha unga wa kule unaokubali kusongwa ugali. Kazi yake ilikuwa darubini ya sindano: ncha nyembamba mno inapitishwa juu ya kitu bila kukigusa, umeme kidogo unavuka katikati, na atomi zinaonekana mojamoja kama vinundu. Lakini sindano haijui majina ya atomi hizo.

Siku hiyo nilimwomba tuunganishe: mimi nimulike, yeye apitishe sindano, tujue kwa pamoja atomi iko wapi na ni ya kitu gani. Tulijaribu. Eksirei ziling'oa elektroni kila upande, elektroni hizo zikaivamia sindano nzima, tusiambulie kitu. Nikafikiri sindano ivikwe kitu kisichopitisha umeme, ibaki wazi nchani tu. Fundi wa sindano alikuwa yeye, si mimi, nikamwomba anitengenezee.

"Subiri kidogo, dada," akaniambia.

Nikasubiri. Unajua tulivyolelewa, mtu aliyekuzidi umri, tena aliyekupokea ugenini, humsumbui. Kila tulipokutana nilimpa shikamoo yake, tukazungumza habari za nyumbani, na neno la sindano likabaki kooni. Walikuwako mafundi wengine mle mle. Sikuwaendea, nikiona nitamvunjia heshima. Muda wangu ukaisha, nikarudi Lindi kufundisha. Baadaye nikasoma kwamba wenzetu wameivika sindano, wameunganisha, na siku hizi eksirei zimeitambua hata atomi moja peke yake. Nililia, mwanangu, sikufichi.

Juzijuzi nilimfuata Kaka Damas kule Rasbura, hapa hapa Lindi, anakoishi tangu astaafu. Akaitikia marahaba, nikampa habari.

"Somoe, mbona hukuniuliza tena?" akasema. "Nilizijaribu zile sindano, zikanishinda, nikaona haya kukuambia. Ulipokaa kimya nikajua umeshaachana nazo. Ungeniuliza tena mara moja tu, ningekupeleka kwa mwingine."

Tulikaa pale barazani, wazee wawili tuliostahiana mpaka kazi ikatufia mikononi.

Basi wewe unayefunga mizigo kwenda kusoma, nisikilize. Heshima usiiache, lakini isikufunge mdomo. Ukiambiwa subiri, uliza mpaka lini. Muda ukipita, rudi kwa adabu, umwulize mtu kama ataweza au hataweza. Akisema hawezi, mshukuru, nenda kwa mwingine. Nawe ukiombwa jambo likakushinda, sema limekushinda, siku ileile, hata kama uso unawaka kwa haya. Mwenyezi Mungu akutangulie huko uendako, akupe wenzio wanaosema kweli, akurudishe kwetu salama na kazi yako ikiwa imekamilika.