Daktari wa Kibondo aliyesimamisha salamu za watu ili ausikie moyo wa dada yangu

Wakuu, wa kupewa shikamoo nawapa, wengine marahaba. Mimi ni bibi sasa, mwalimu mstaafu, na haya niliyaona kwa macho yangu miaka ya sabini. Anayetaka chumvi akaitafute jikoni kwake.

Dada yangu mkubwa, Skola, aliolewa Kagerankanda, kule Kasulu.

Asiyetujua Waha ajue kwamba kwetu salamu si neno moja. Mwanamke anainama, anapiga makofi taratibu, "mwakeye", halafu anauliza watoto, shamba, mbuzi, waliolala na walioamka. Ni kazi kabisa, msicheke.

Sasa Skola, baada ya mwaka mmoja wa ndoa, akaanza kuzikatisha. Anainama, maneno mawili, kisha anainuka na kuangalia pembeni. Mama mkwe akasema huyu ana dharau. Akienda kuchota maji anapumzika njiani mara tatu, wakasema mvivu. Mwishowe wakamrudisha nyumbani.

Na mimi sijifanyi malaika. Nilikuwa nafundisha Kibondo, nikamchukua akae kwangu, na siku ya kwanza tu nikamsema: "Dada, unatuaibisha." 

Baada ya siku chache nikagundua analala ameketi, kaegemea ukuta, na akikohoa leso inatoka na wekundu. Roho iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Nikampeleka hospitali. Palikuwa na Medical Assistant kijana, katoka mkoa wa mbali, Kiha hajui hata kidogo. Sisi tulimwita daktari tu.

Skola akainama kumsalimia, akaishia katikati kama kawaida yake. Pale ndipo sisi wote tulipokuwa tunaona jeuri. Yeye akamtazama midomo, akamtazama shingo, akauliza taratibu, "Dada, pumzi inakata?"

Skola akaanza kulia. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Daktari akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akakunja uso. Nje barazani wagonjwa walikuwa wanasalimiana, makofi yanalia, kila anayefika anaanza na wote upya. Daktari akatoka: "Wazee wangu, nawaomba, salamu zisimame kidogo."

Wakuu, kumwambia Mha asisalimie! Mzee mmoja akaguna, "Huyu kalelewa na nani?" Lakini wakanyamaza.

Daktari akarudi ndani, akamwambia Skola asimame na kukaa mara chache, kisha alalie ubavu wa kushoto. Daktari akasikiliza tena, kafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia. Halafu akanipa na mimi nisikilize, akasema kuna mngurumo chini chini, kama lori linalopanda mlima likiwa mbali. Mimi sikusikia kitu, nisiwadanganye.

Akauliza kama Skola alipokuwa mtoto aliwahi kuvimba viungo. Nikakumbuka. Magoti yalivimba, na mama alikuwa anamkanda kwa mawese.

"Wengi watawaambia kifua kikuu," akasema. "Mimi naona ni mlango mmoja wa moyo umesinyaa kwa ule ugonjwa wa viungo. Naweza kuwa nimekosea, ila mpelekeni hospitali kubwa Dar." Akaandika barua ya kurasa mbili kwa mkono wake.

Tukapanda treni Kigoma hadi Dar. Huko wakapiga eksirei, wakapima sana, wakakubaliana naye. Daktari wa upasuaji akatueleza kwamba mlango umebaki kama tundu la kifungo. Atafungua kifua, aingize kidole ndani ya moyo aupanue mlango huo, moyo wenyewe ukiwa unadunda.

Kidole, wakuu! Ndani ya moyo wa mtu aliye hai!

Hakuficha kwamba Skola anaweza kufia mezani. Ila bila hivyo, alisema, hana muda mrefu. Skola akaweka dole gumba kwenye fomu mwenyewe, mimi nikashindwa hata kutazama.

Siku kadhaa baada ya operesheni, mchana, niliingia wodini nikamkuta amelala chali, kanyooka, mto pembeni.  Tangu lini Skola analala chali? Nikamshika, nikamtikisa.

Akafungua jicho moja. "Mdogo wangu, niache nilale."

Nililia kama mtoto. Skola alipona, baadaye akazaa watoto watatu, akalima, akanizidi hata mimi kutembea.

Tuliporudi Kibondo tulimpelekea yule kijana jogoo. Tukaambiwa amehamishwa, na aliyekuwepo hakujua wapi.

Funzo langu ni dogo. Mtu akibadilika, muulize anajisikiaje kabla hujampa jina. Sisi ndugu zake tulimpa majina, mgeni ndiye aliyeuliza.

Karibuni mchangie, hasa wenye wagonjwa wa moyo. Na kama baba au babu yako alikuwa daktari Kibondo miaka hiyo, na alikuwa na tabia ya kufumba macho akisikiliza kifua, mwambie alisikia sawa.