Mtungi wa Bibi Bunim

Jumanne, Bibi Gwak Bunim alipokuwa ukumbini akinyoosha viungo kwa amri ya ratiba, wahudumu wawili waliingia nyumbani kwake, wakafunua mtungi uliokuwa roshani, wakaona ukungu mweupe juu ya rojo la soya lililochachushwa, wakalimwaga lote chooni. Kisha wakamwachia karatasi ya kumpongeza kwa kushiriki katika wiki ya usafi.

Nasema nyumbani kwake kwa kuwa kijitabu cha makazi yetu ya wazee, Makazi ya Utulivu, hapa pembezoni mwa Seoul, kimeandika hivyo: "Hapa ni kwako. Njoo na vyote uvipendavyo." Bibi Bunim, mwenye miaka sabini na tisa, aliyaamini maandishi hayo. Kule Gurye aliacha nyumba aliyoishi miaka hamsini na mitatu, pamoja na mitungi tisa. Alikuja na miwili tu. Wa kwanza ndio huo uliosafishwa. Wa pili una sosi ya soya aliyoachiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliachiwa na mkwewe. Kila mwaka huongezwa mpya juu ya ile ya zamani. Wakati wa vita, kabla hajaolewa, wakwe zake waliufukia mtungi huo ardhini, wakakimbia. Waliporudi, nyumba ilikuwa imeungua na sosi ilikuwa salama. Haikuwa imekutana na wahudumu wetu.

Mtu aliyelelewa na bibi yake anajua kwamba ukungu ule huondolewa kwa kijiko, na chakula kikaendelea kuliwa. Vijana wetu wana vyeti vitatu vya usafi kila mmoja, lakini walilelewa na chupa za dukani.

Jana Bwana Pyo, meneja, alileta agizo mwenyewe, amevaa glavu: mtungi wa pili uondolewe ifikapo Ijumaa saa tatu asubuhi. Mimi, jirani wa mlango wa pili, nilikuwa pale nikimenya vitunguu saumu.

"Bibi yangu mheshimiwa, ni kwa ajili ya afya yako."

"Afya yangu imekula humu tangu niolewe. Yako je, mwanangu?"

"Kanuni hairuhusu vyakula vilivyooza."

"Mama yako alikuwa akikupikia supu gani?"

"Ya pakiti, bibi."

"Ala. Pole sana. Hebu kaa nikuchotee kidogo."

Hakukaa. Alimpigia simu mwana wa bibi, akaiweka kwenye spika ili sote tusikie.

"Mama, si uwaachie tu? Nitakununulia mwingine."

"Duka gani, Dongcheol? Nani anamuuza bibi yako aliyemo humu?"

Simu ikakatika, kama zinavyokatika simu za wana wenye shughuli nyingi.

Tangu hapo Bibi Bunim ameweka kiti mbele ya mtungi wake, nasi majirani kumi na wanne tumepangiana zamu ili naye apate kulala.

Bwana Pyo, nanyi wakurugenzi ambao hatujawahi kuwaona: futeni agizo hilo kwa maandishi. Mwombeni Bibi Bunim radhi, mkiwa mmesimama mbele yake, bila karatasi. Paa la jengo la pili, ambalo sasa linatunza kibao chenye jina lenu, lifungueni liwe la mitungi. Na mtu asiingie tena nyumbani mwetu tukiwa hatupo. Tunataka jibu lililotiwa saini kabla ya saa tatu asubuhi, Ijumaa.