Mkwe Wetu Ndani ya Maji

Niliyoyaona katika kisiwa kile ni machache kuliko yanayosimuliwa sokoni kwetu Kianjokoma, nami naomba msomaji asiyachanganye. Kwamba mkwe wetu aliogelea hadi kwenye meli akaning'inia katika mnyororo wa nanga, nimelisikia hilo. Kwamba kondoo dume alichinjwa ufukoni ili kuondoa aibu, nimelisikia pia, tena kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka mto Thuci, mpakani mwa Embu. Mimi sikuona mnyororo wala kondoo.

Binti yetu ni muuguzi ng'ambo. Mwaka jana alitukatia tiketi ya meli ya watalii, mimi na mama yake, naye akaja pamoja na mumewe. Huyo mumewe ni Mmeru aliyelelewa Kaaga, mhandisi, kijana mwenye adabu asiyenitazama usoni bila sababu. Alikuwa bado hajakamilisha mambo ya kwetu: mwezi wa Desemba angekuja na wazee wake kwa sherehe ya mwisho ya ndoa ya kimila, na mwenye kauli ya mwisho siku hiyo ni mke wangu.

Siku ya nne meli ilitia nanga mbele ya kisiwa kidogo ambacho, niliambiwa, ni mali ya kampuni ya meli yenyewe. Hati ya umiliki sikuonyeshwa. Niliona bendera ya kampuni, minazi iliyopandwa kwa mstari ulionyooka kama mibuni ya shamba la mfano, na mtu aliyeajiriwa kuchana mchanga kwa reki. Mashua zilitushusha gatini. Mzungu mmoja mwenye kofia pana aliniuliza ninatoka wapi. Nilimjibu kuwa natoka Dallas, maana nyumba yetu ya mjini Embu iko katika mtaa huo. Alinikumbatia kama ndugu aliyepotea. Hakuniuliza ni Dallas ipi, na mimi si mtu wa kujibu maswali ambayo sijaulizwa.

Sasa sharti nieleze jambo moja. Kwetu Embu, na kwao Meru vilevile, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Wakikutana njiani, kijana hupisha. Mama mkwe akimwona bila nguo, heshima ya nyumba mbili imevunjika. Shughuli zote husimama mpaka wazee wakae na kuitengeneza. Kwa hiyo asubuhi tuligawana kisiwa. Binti yangu alimpeleka mama yake upande wa vibanda vya vikapu na kofia, na mkwe wetu akaenda upande wa kuogelea, amevaa kitambaa ambacho darasani ningekitumia kufutia ubao.

"Hiyo ndiyo kaptura?" nilimwuliza.

"Ndiyo wanayovaa waogeleaji, Baba."

"Ng'ombe wa kwetu huvaa zaidi."

Alicheka, akaweka nguo zake na taulo juu ya kiti kirefu kando ya ngazi ya pekee ya kutokea majini, akazama. Mimi nilikaa mbali kidogo, na viatu vyangu miguuni, nikisoma.

Kosa lilitendeka saa nane. Mke wangu alichoka na vibanda. Binti yangu alikuwa kwenye foleni ya chakula, basi mama alijitembeza peke yake, akakuta kiti kizuri chenye mwavuli, akasukuma nguo zilizokuwapo kwa heshima hadi chini ya kiti, akaketi. Mataulo yote ya meli ni ya buluu. Hakuwa na namna ya kujua kwamba ameketi juu ya taulo la mkwe wake. Akavua viatu. Nikainua macho kitabuni, nikaona kichwa cha mhandisi wetu kikishuka majini taratibu, kikasimama kidevuni.

Nakiri kwamba nilisoma kurasa mbili zaidi kabla sijainuka.

Kwanza nilimwendea mke wangu. "Mama, kule kuna kivuli kizuri zaidi."

"Mwalimu, magoti yangu yameshafika. Wewe nenda kwenye hicho kivuli, utaniambia kikoje."

Singeweza kumweleza sababu. Kumwambia mwanamke kuwa mkwe wake yuko uchi hatua ishirini mbele yake ni aibu ileile, ila kwa maneno. Nikakunja suruali hadi magotini, nikashuka ngazi na kumsogelea kijana majini.

"Baba, ataondoka lini?" kijana alinong'ona, midomo yake ikigusa maji.

"Ameagiza juisi."

"Ndogo?"

"Ya nazi nzima."

"Baba, nimekaa humu tangu asubuhi. Vidole vimekuwa vya mzee."

"Umesomea mambo ya maji. Tumia elimu."

"Nilisomea mabwawa, Baba. Niazime suruali yako."

"Nami nibaki na nini? Nisimamishwe mbele ya wazee wa kwenu na wa kwetu kwa pamoja?"

Wakati huo kipaza sauti kilitangaza kuwa mashua ya mwisho itaondoka baada ya nusu saa. Inasemekana meli humwacha anayechelewa. Sijawahi kuiona ikimwacha mtu, lakini mkwe wetu aliamini, na nikaona machozi au maji ya bahari. Siwezi kuapa ni yapi.

Nilirudi ufukoni nikifikiri. Mke wangu ni kiongozi wa akina mama kanisani, na Kianjokoma nzima inajua kwamba akifumba macho kuomba, chai hupoa. Nikasimama mbele yake, nikavua kofia.

"Mama, tumekaa kisiwa hiki kutwa nzima bila kumshukuru Mungu. Tuombee safari."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Katika miaka yetu yote ya ndoa sijawahi kumwomba aombe. Huwa namwomba afupishe. Kisha akafumba macho, akaanza kwa Kiembu, tangu kuumbwa kwa bahari.

Nilipunga kofia mara mbili. Kijana alipanda ngazi akijikunja kama mwizi wa mahindi. Hapo nami nilifumba macho, kwa kuwa baba mkwe pia ana mipaka. Nilisikia nyayo zenye maji. Nilisikia taulo likivutwa. Mke wangu alikuwa amefika kwenye "watoto wetu na wote waliooa kwetu". Sauti yake ilikatika kidogo, kisha ikaendelea kwa nguvu zaidi. Nilipofumbua macho, yake yalikuwa yamefumbwa, kiti kilikuwa hakina taulo, na mkwe wetu, amevaa suruali na shati hadi kifungo cha shingo, alikuwa anatembea kuelekea gatini.

Tulipata mashua. Kijana alikaa mbele kabisa, ametupa mgongo. Mke wangu alikaa nyuma pamoja nami, akitazama bahari.

"Desemba waje," alisema. "Ila mwambie binti yako amlishe huyo kijana. Mbavu zote ziko nje."

"Umejuaje?"

"Nimesikia."

Akavua miwani, akaifuta chumvi kwa pembe ya kitenge, akaivaa tena.