Nilivyoitwa Pangoni

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Likoni mtu hakuitwa nje kwa jina tupu. Ukinitaka nami niko uani au njiani, sharti uanze na Bismillahi: "Bismillahi, Mwanaisha!" Hapo ndipo nitaitika abee. Ukisahau, ita mpaka koo likukauke, sitageuza hata shingo. Wageni walituona watoto tusio na adabu. Hawakujua kwamba amri ile ilitoka kwa nyanya yangu, mzaa mama, ndiye aliyenilea, na amri za nyanya hazikuwa na rufaa.

"Jini huiga sauti," alikuwa akiniambia huku akinisuka. "Ataiga ya mamako, ataiga yangu mimi. Lakini Bismillahi haimtoki kinywani, wallahi. Ukimwitikia tu, amekushika."

"Atanishika wapi, nyanya?"

"Sauti yako. Itakuwa yake, nawe utabaki kumfuata."

Nilikuwa nimeshaanza chuo cha Kurani na nikijua sura fupi kadhaa, nikajiona mtu mzima. Hata hivyo maneno hayo yalinitia baridi mgongoni. Nikiona mtoto mwenzangu anaitwa na mamake kwa jina tupu na anaitika bila wasiwasi, nilimhurumia kama mtu anayemtazama mwenziwe akichezea moto.

Ilikuwa miaka ya vita. Mchele ulikuwa wa shida, na nyanya akawa hodari wa mikate ya mofa, ya unga wa mtama, ambayo alinituma mara kwa mara nimpelekee shangazi Timbwani. Njia ya juu ilipita mikoroshoni, ina vumbi na mbwa. Ya chini ilifuata pwani, na hiyo ndiyo niliyoipenda. Maji yakiwa yametoka, ungeweza kutembea toka mivinjeni hadi chini ya majabali ukikanyaga mchanga mgumu, ukichungulia vidimbwi vilivyoachwa nyuma, na kaa wakikukimbia kana kwamba wana deni lako. Kule kwenye mikadi kulikuwa na harufu ya maua ambayo sijaipata tena mahali pengine popote. Nyanya alinipa ruhusa ya pwani kwa sharti moja: pangoni nisitie mguu.

Pango lenyewe lilikuwa katikati ya safari, chini ya jabali. Akina mama wenye haja zao walipeleka ubani na marashi na halua kwenye kisahani, wakafunga vitambaa vyeupe na vyekundu. Juu ya paa la pango palikuwa na tundu, upana wake kama mdomo wa kisima, na mizizi ya mtini ikining'inia kutoka hapo. Watu wa pale walisema jini mwenyewe anaishi ndani na hapendi kusumbuliwa. Nilikuwa nikipita pale mbio, macho baharini, nikisoma Kul-huwallahu kwa pumzi moja.

Siku hiyo mvua ilinikuta papo hapo. Haikuwa mvua ya manyunyu, ilikuwa ya kupiga kwa fimbo, na radi ikafuata karibu sana. Nikafikiria mikate ya nyanya, nikafikiria radi, nikaingia. Nikajibana ukutani karibu na mlango, kikapu kifuani, nikimwomba radhi mwenyewe na kumwahidi kwamba sitagusa halua yake. Ilikuwa halua nzuri, nakumbuka, na njaa nilikuwa nayo.

Nilichosahau ni kwamba zilikuwa siku za bamvua, bahari inapotoka sana na kujaa sana. Bamvua maji hurudi kwa pupa, na mlango wa pango ulikuwa chini kuliko ndani. Mvua ilipopungua na nikataka kutoka, mawimbi yalikuwa yamekwisha kuushika mlango. Lilikuja moja likanirudisha ndani kama takataka. Nikajaribu tena, nikagongwa jiwe gotini. Nikarudi nyuma nikapanda kijukwaa cha mawe chini ya lile tundu, pale penye visahani, na maji yakapanda nami. Mikate ilikwenda. Mwangaza ulitoka juu tu sasa. Nililia kimyakimya, kwa kuwa hata kulia kwa sauti niliogopa.

Ndipo nikaitwa.

"Mwanaisha!"

Sauti ilitoka juu, ikazunguka kuta zote, ikawa kama inatoka kwenye mawe yenyewe. Niliijua. Ilikuwa ya Mzee Katana, mkwezi aliyetuangulia nazi, Mgiriama mpole, Mkristo, mwenye msalaba wa shaba shingoni. Nyanya alimpenda kwa sababu hakuwahi kutupa dafu likavunja kitu. Na kwa kuwa niliijua sauti ile, nilitetemeka zaidi. Si ndivyo nilivyoambiwa? Ataiga ya mtu umjuaye.

"Mwanaisha, u humo ndani? Nilikuwa juu ya mnazi, nimekuona ukiingia. Sikukuona ukitoka. Itika, mwanangu!"

Jina tupu. Nikajaza leso kinywani nikaing'ata.

Maji yalifika magotini, na mimi niko juu ya kijukwaa. Sauti ikaita tena na tena, sasa kwa haraka, na kila ilipoita nilisubiri lile neno la kwanza. Halikuja. Kisha wazo likanijia ambalo mpaka leo likinirudia huwa natafuta pa kukaa. Mzee Katana hasemi Bismillahi. Sijamsikia hata siku moja. Hapo nyumbani akinitaka humwomba nyanya aniite. Jini haisemi, na Katana haisemi. Ningewatambuaje? Pango lilikuwa limenifunga kwa maji, na nyanya yangu mpenzi, aliyenitakia mema tu, alikuwa ameufunga mdomo wangu.

"Basi labda alitoka," sauti ikasema, si kwangu, bali kama mtu anayesema na nafsi yake. "Nimtazame kwa shangaziye." Nikasikia nyayo kwenye majani.

Wimbi likanifika kiunoni. Nikaitoa leso. Nilijua kabisa ninachofanya: nilikuwa naitoa sauti yangu, na kama aliye juu si mtu, basi sitakuwa nayo tena. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Sema Bismillahi!"

Nyayo zikasimama. Nikaona kwamba nimekwisha.

"Bismillahi," ikasema sauti juu ya kichwa changu, kwa lafudhi ya Kigiriama, neno likitoka vibaya na kwa shida. "Bismillahi, mwanangu. Bismillahi, Bismillahi. Haya sasa, shika kamba."

Kamba ya kukwelea minazi ikashuka kati ya mizizi. Nikajifunga alivyonielekeza, akanivuta. Nilichubuka mgongo mzima pale tunduni, na nilipomwona uso, mvua ikimchuruzika na msalaba wake umegeukia mgongoni, nilimshika miguu nikakataa kumwachia. Ilimbidi anibebe hivyohivyo.

Nyumbani nyanya alinivua, akanikanda mafuta ya nazi, akamwekea Katana kahawa. Kisha akamuuliza alivyonipata. Katana akamweleza yote. Nyanya akamgeukia.

"Nawe ukaisema?"

"Nilisema alichotaka, mama. Maji hayakunipa nafasi ya kubishana."

Nyanya akamjazia kikombe. Hakumwambia ahsante mbele yangu, lakini tangu siku hiyo alimpa nazi zaidi ya fungu lake, na majirani aliwaambia kwamba mjukuu wake ameokolewa na Bismillahi. Katana, alipoulizwa na wenzake, alisema ni kamba. Sikuwahi kumsikia mmoja akimpinga mwingine.

Nimewaza sana juu yao wote wawili. Nyanya sikuweza kumkasirikia hata nilipokua nikataka. Alinipa alichokuwa nacho cha kunikinga, naye hakujua kwamba kinga ikikazwa sana hukaba. Na Katana, kuna watu wa dini yake ambao wangeona amejichafua mdomo, na wa dini yangu ambao wangeona amelichezea neno. Mimi nilikuwa chini, nawaambia wote: sijalisikia tena likitamkwa vizuri kuliko pale.

Wanangu nimewafunza kuitika mara ya kwanza, yeyote awaitaye. Wanaitika, alhamdulillahi, mpaka wajukuu. Mimi ndiye bado. Ukiniita nje kwa jina tupu, hata leo, uzee huu, nasimama palepale nikisubiri.